Nilivyonunua soundcard ya kupigia live kwa wivu, na kilichonikuta mbele ya ndafu Kibosho

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, na kwa kuwa aibu kubwa humu ndani ni yangu, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Naishi Pasua, hapa Moshi. Napiga kinanda na laptop kwenye send-off, harusi na ubarikio, yaani kipaimara. Mke wangu, Mama Grace, ndiye mwimbaji. Hatuna bendi, ni sisi wawili tu. Kinanda kinaingia kwenye laptop kwa USB, milio yote inatoka humo, ngoma na besi nazipanga nyumbani kabla.

Muda mrefu nilikuwa natoa sauti kwenye kile kitundu cha earphone cha laptop kwenda kwenye mixer ya ukumbi. Ukichomeka chaji, spika zinaunguruma. Ukichomoa zinatulia, ila unapiga huku unaangalia betri kama mgonjwa.

Nilikuwa nawaambia watu ni umeme wa Moshi.

Kwa ambaye hajui, soundcard ya nje ni kiboksi unachokichomeka kwenye laptop, kinachukua kazi ya kuingiza na kutoa sauti. Maiki inaingia hapo, spika zinatokea hapo. Nilikuwa najua vipo. Sikuona haraka.

Sasa kuna jamaa anaitwa Elibariki, sisi tunamwita Eli. Naye anapiga na laptop, peke yake. Hatujawahi kugombana. Ni mpole, ana salamu, ana kile kicheko cha mtu aliyelala vizuri. Nadhani ndiyo maana ananikera.

Kukawa na harusi Machame. Eli ndiye alikuwa kazini, sisi tulialikwa upande wa bwana harusi. Katikati ya shughuli akashika maiki:

"Namwona shemeji yangu pale. Shem, njoo utupe wimbo mmoja."

Mama Grace akaenda. Eli akampa earphone avae, akachomeka maiki yake kwenye kiboksi kidogo tu, kinaingia mfukoni mwa koti.

Wakuu, yule ni mke wangu. Namsikia akiimba jikoni, kanisani, kazini. Sijawahi kumsikia vile. Kwetu huwa anasukuma sauti mpaka mishipa ya shingo inasimama. Siku ile aliimba kama anaongea na mtu aliyekaa karibu yake, na hata meza za nyuma zikasikia kila neno.

Akarudi mezani macho yanang'aa.

"Baba Grace, leo nimeisikia sauti yangu mwenyewe. Kumbe iko hivi?"

Nikamwambia, "Kula, nyama inapoa."

Hapo ndipo wivu uliponikaa kifuani, na si wivu wa kawaida. Sikuwaza kwamba Eli anamtaka mke wangu. Lingekuwa hilo ningejua pa kuanzia. Kilichoniuma ni kwamba ameimba na mimi miaka yote hiyo, halafu mwanaume mwingine ndiye aliyemsikilizisha sauti yake. Kwa wimbo mmoja!

Nikaapa kununua soundcard kubwa kuliko ya Eli.

Angalieni hiyo sentensi. Sikusema nzuri. Nilisema kubwa.

Nikaenda Arusha kwa jamaa anayeuza vifaa vilivyotumika. Akanionyesha moja nzito, ndefu, taa mbele kama basi la mkoani, matundu nane ya maiki. Ya Eli ilikuwa na mawili. Nilihesabu matundu, wakuu, ndicho kipimo changu pekee. Sikuuliza kama driver yake, ile programu ya kuiunganisha na kompyuta, inakubaliana na laptop yangu. Sikuuliza imetengenezwa zamani kiasi gani.

Nyumbani nikaijaribu kwa kupiga nyimbo zilizorekodiwa tu, kinanda sikukigusa. Ikatoa sauti safi kabisa. Nikaona kazi imekwisha.

Mama Grace akaiangalia pale mezani. "Mbona kubwa hivi?"

"Ndiyo za kazi hizi," nikamjibu.

Kazi ya kwanza ilikuwa send-off Kibosho. Watu wamejaa, pombe ya mbege inazunguka, mambo yanaenda kwa sababu mwanzoni nilikuwa napiga tu nyimbo zilizorekodiwa. Halafu ikafika saa ya ndafu.

Mtu wa huku anajua. Ndafu haiingii kimya. Mbuzi mzima amechomwa, ana majani mdomoni, wapishi wamembeba wanasubiri muziki waingie nao wakicheza. Ndiyo picha itakayobaki kwenye video ya familia.

Nikabonyeza kinanda.

Kimya. Halafu sauti ikaja, imechelewa. Nabonyeza leo, inatoka kesho. Hiyo ndiyo latency yenyewe. Mama Grace naye alikuwa amevaa earphone, anaimba neno, analisikia linamrudia nyuma kama mtu anamwigiza. Akapotea. Akaanza upya, akapotea tena.

Nikaingia kwenye settings jasho linanitoka, nikapunguza buffer, ile akiba ya sauti ambayo laptop inaishika kabla ya kuitoa, ili sauti iwahi. Spika zikaanza kupasuka kama mahindi kwenye kikaango.

MC hakunionea huruma. "Wapendwa, ndafu imeiva, muziki bado!"

Watu wakacheka. Wapishi wamesimama mlangoni, mbuzi mzito, mikono inawatetemeka.

Mama Grace akavua earphone. Akaweka maiki chini. Akaanza kupiga makofi na kuimba kavu, bila chombo chochote, wimbo wa Kichagga ambao kina mama wote pale waliujua. Wakainuka, wakapokea. Ndafu ikaingia. Ikawa nzuri kuliko ambavyo ningeipiga mimi, na hilo nalo likaniuma.

Njiani kurudi alisifia ndafu tu. Bora angenisema.

Kesho yake asubuhi akaniambia, "Mpigie Eli."

"Simpigii."

Akachukua simu, akampigia yeye, akaweka loudspeaker, akaiweka mbele yangu katikati ya vikombe vya chai.

"Shem, shikamoo haikuhusu, ila habari ya asubuhi," Eli akacheka. Kile kicheko.

Nikamweleza, kwa shida. Akaniuliza, "Kaka, kwani mnaingiza nini na nini?"

"Maiki moja. Kinanda kiko kwenye USB."

"Sasa matundu nane ya nini?"

Nikajimiminia chai, mke wangu ananiangalia.

Eli hakunicheka. Alinieleza kwamba chombo chenyewe si kibovu, ila driver yake ni ya zamani, laptop yangu ni ya sasa, haviongei vizuri. Akasema kwa live nitafute ndogo ambayo driver yake bado inatolewa na waliotengeneza, yenye direct monitoring, yaani mwimbaji anajisikia moja kwa moja kabla sauti haijapita kwenye laptop, na yenye kutoa sauti kwa waya za balanced zisizookota mngurumo. Na niijaribu nikiwa napiga kinanda, maiki imewashwa, chaji imechomekwa.

Ile kubwa ikachukuliwa na kwaya moja yenye ngoma na maiki nyingi na kompyuta ya zamani. Kwao inafanya kazi vizuri kabisa. Nami nikachukua ndogo. Nilichagua ya kampuni tofauti na ya Eli, kiburi hakiishi siku moja.

Juzi tulikuwa na ubarikio Bomang'ombe. Mama Grace aliimba kwa sauti ya chini kabisa, na bibi mmoja wa mezani mbele akawa anafuta macho na ncha ya kitenge. Wimbo ulipoisha bibi akamshika mkono, akamshukuru kwa Kichagga, "Aika, mwanangu, aika sana."

Niliposikia hivyo, wakuu, nilitamani wimbo uanze upya.

Basi wakati nakusanya waya, nani ananijia? Eli, amevaa suti, alialikwa. Nikageuza kiboksi ili asione ni aina gani.

Akasema, "Kaka, naoa mwezi ujao. Siwezi kupiga kwenye harusi yangu mwenyewe. Nimezunguka kote, sijaona wa kunipigia zaidi yenu."

Mama Grace akapiga vigelegele palepale, akamkumbatia shemeji yake.

Mimi nikamwambia ngoja niangalie ratiba. Mwezi huo hatuna kazi hata moja.

Tutampigia, wakuu, na nitampigia vizuri mpaka akose la kusema.

Kwa anayetaka kununua: anza na unachoingiza na masikio ya anayeimba, ukubwa usikudanganye. Na usinunue ukiwa na hasira na mtu.

Wenye uzoefu mnatumia ipi kwenye live, na generator ikiwashwa inakaaje? Na kama kuna mwenye dawa ya wivu wa kazi, asipite kimya.