Kisahani Nilichokivunja Mbele ya Mkwe

Kabla hamjanicheka, jueni kwamba kisahani cha udongo kikiruka angani, mimi nimekipasua kwa risasi yangu ya kwanza. Morogoro nzima, ni walinzi wangapi wa maghala wanaweza kusema hivyo?

Jumapili nilijaribu kwa mara ya kwanza mashindano ya kulenga visahani, huko upande wa Kingolwira. Mwamuzi, mama mmoja mtu mzima, alianza kunielekeza. Nikamkatiza: "Mama, mimi ni mlinzi. Bunduki naijua."

Zamu yangu ilipofika, nimeshasimama mstarini, baba mkwe akatokea. Alikuwa ametoka Matombo kuja kuniona tu. Sasa mkwe unamsalimiaje kwa kutikisa kichwa? Nikapaza sauti: "Shikamoo baba!"

Kisahani kikachomoka kwenye kibanda kilichokuwa mbele yangu, cha kurushia visahani, kikaenda zake.

"Nani karusha? Sijawa tayari!"

Kikachomoka kingine.

"Wewe jamaa wa kibandani, acha fitina!"

Cha tatu hicho. Nikakifyatulia kwa hasira, kikasambaratika! Baba mkwe akashangilia, nami nikavimba kifua.

"Mama, huyo mrushaji afukuzwe," nikamwambia mwamuzi. Cha nne kikapita.

Mama akanisogelea, akaninong'oneza sikioni: "Mwanangu, mle kibandani hamna mtu. Ni mashine, inarusha ikisikia sauti ya mpigaji. Ndicho nilichotaka kukueleza asubuhi."

Watu wote walikuwa wanacheka, isipokuwa mkwe wangu, ambaye bado alikuwa anapiga makofi. Nikainamisha kichwa kwa adabu.

"Asante, mama."

Kikachomoka cha tano.