Maziwa ya Mama Mkwe

Hapana, mwanangu, siyo kiburi. Maziwa yako nayaona yalivyoganda vizuri, lakini kunywa mwenyewe. Na hivyo vidole usivifiche kwenye kanga! Nimekuona asubuhi ukihangaika na mfuniko wa ndoo. Kaa hapa, mkwe wangu.

Siku ile wazee walipokaa kikao juu yangu siisahau. Ila nianzie nyuma. Kwetu Migato baba alipokea ng'ombe wengi wa mahari yangu, maana kwenye kuchuma pamba hakuna aliyenifikia. Basi, nilipozaa mtoto wa pili, vidole vikavimba kama ndizi mbivu. Asubuhi vimekakamaa, mwiko haushikiki. Na ndiyo miaka ile malori ya wanunuzi binafsi yalipoanza kuja mpaka kijijini, kila nyumba inakimbizana na pamba.

Mama mkwe wangu alikuwa anaongea kwa puani, ananiita kwa jina la baba yangu, hivi: “Ng'wana Masanja, mayu, mama, kunywa maziwa mifupa ikaze!” Uwe mke wa nyumba yenye ng'ombe, ukatae kibuyu cha maziwa cha mkweo? Umetukana zizi zima. Nikanywa. Mifupa ikakaza kweli, hata kumfuta mtoto kamasi nashindwa!

Bibi yangu akafariki, nikaenda Migato matangani. Kaka zangu walikuwa wamehamishia ng'ombe malisho ya mbali, nyumbani hakuna tone la maziwa. Ugali wa mtama na mlenda tu. Kabla matanga hayajaisha najikuta namsuka mdogo wangu! Nikarudi kwa mume, kibuyu kikarudi, vidole vikavimba tena.

Nikaenda kwa daktari Bariadi mjini. Alikuwa anaongea kama ana uji wa moto mdomoni: “Ma-ma, hii ni baridi yabisi. Mwili unapigana na viungo vyake wenyewe. Maziwa hayakuuleta ugonjwa. Ila kuna watu, chakula fulani kinauchokoza. Dawa meza. Maziwa acha kwanza, tuone.” Nikameza, nikaacha. Mikono ikarudi polepole, ikarudi!

Mama mkwe akawaka. “Anayekataa maziwa yetu anatukataa sisi! Mikono yenyewe imekufa. Aende kwao, ng'ombe warudi!” Na wanangu wangebaki huku. Baba yangu akaitwa, wazee wakakaa.

Nikavuta lundo la pamba mbele yao, nikachambua: safi huku, fifi, ile chafu, kule. Vidole vinadonoa kama kuku kwenye mtama. Baba mkwe akawa anavitazama tu.

Sasa wewe, kesho uende hospitali wakupime. Dawa usiache eti kwa sababu umeamka unajisikia msichana. Uangalie unakula nini kabla ya kuvimba, ukamwambie daktari. Na usiniige mimi kuchukia maziwa! Mwingine hayamfanyi kitu. Kwako huenda ni kingine, au chakula hakihusiki kabisa. Ila mwili wako ukikuambia jambo, usinyamaze kwa kuogopa kibuyu cha mtu, hata changu.

Mungu akufungue vidole hivyo, mwanangu. Ulime, ulee, unisuke mvi hizi, na siku yangu ikifika unioshe kwa mikono yako mwenyewe.

Eh, kikao? Mama mkwe hajamaliza kuongea kwa puani, baba mkwe akasimama, akakung'uta pamba kwenye koti.

“Ng'ombe hawarudi,” akasema. “Maziwa yake nitayanywa mimi.”