Sukari Niliyopeleka kwa Galgalo

Chekeni tu, hata mimi nimeshajicheka. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mwalimu mgeni Wajir, Mkamba peke yangu mtaani, na redio ndiyo iliyokuwa ikinisemesha jioni. Alasiri moja nikasikia ngoma kwa jirani yangu Galgalo, Mborana. Nikajua ni harusi. Kutoalikwa nikakuita kusahauliwa. Nikavaa shati jeupe, nikanunua sukari ya zawadi, nikaenda.

Mama mzee aliyeketi karibu na ngoma aliipokea sukari bila kuniuliza lolote. Ubani ulifuka, kahawa ikapita, bibi harusi sikumwona. Kisha mapigo yakabadilika, yakawa yale yale ya ngoma ya nyanya yangu kule Kitui alipokuwa akiwachezea mizimu. Mabega yakaanza yenyewe. Nikainuka, nikacheza peke yangu, nikidhani nashangiliwa.

Ghafla nikafunikwa shuka. Galgalo akaninong'oneza, "Mwalimu, hii si harusi. Hii ni ayaana, ngoma ya kutibu watu wa pepo. Yule anainuka ndio mgonjwa. Na wewe umeshalipa sukari."

Mama mzee akaniinamia. "Wewe pepo, unataka nini kwa mwalimu?"

Ningesema tu kwamba nimekosea shughuli. Badala yake machozi yakanitoka, nikajibu, "Nataka mtu wa kuongea naye."

Ngoma ikanyamaza. Mama akanifunua shuka mbele ya mtaa mzima, akanitazama, kisha akawaambia watu, "Huyu hana pepo. Huyu iko peke yake tu."