Biasha na Askari wa Damu Yake

Biasha wa Munje hakuwa mtu wa kuugua kimya kimya. Mwaka wa tatu wa uhuru, viungo vilipomvimba na upele ukamtanda mashavuni, aliipata sababu kabla ya dawa: ni Mbodze, mke mwenzake. Nani mwingine aliyeutamani mwamba wake wa kuvulia pweza?

Kwao, aliyekuwekea kinyongo husukutua maji, akayatema, akatamka kwamba moyo wake ni mweupe, ndipo upone. Biasha akamdai Mbodze maji hayo mbele ya ukoo mzima. Mbodze akajaza mashavu, akatema kwa nguvu hata Biasha akaloa uso na wazee wakakunja vikoi.

“Haya, bi mkubwa. Moyo wangu mweupe, wala haukuwa na doa.”

Biasha hakupona. Ikabidi aende hospitali, damu yake ikapelekwa Nairobi. Majibu yaliporudi, magoti yalikuwa hayambebi tena, na aliyemshika mkono kwenda kuyasikiliza ni Mbodze huyo huyo.

“Mama,” daktari akasema, “mwili una askari wa kupigana na maradhi. Wako wamewageukia wenyeji. Wanashambulia viini vya chembe za mwili wako mwenyewe.”

“Kwani hawajaambiwa kwamba tumepata uhuru?”

Daktari akacheka, akampa vidonge vichungu vile vile vya malaria, viwatulize askari hao. Kisha akamkata maini: asipigwe na jua. Na pweza huchokolewa mchana, maji yakiwa yametoka kabisa. Bila mwamba, Biasha ni nani? Akalia pale pale, bila haya.

Njia nzima Mbodze hakumsimanga hata kidogo, na hilo lilimchoma Biasha kuliko magoti. Kinyongo kilikuwa chake, na maji yalitemwa na asiye na kosa. Walipofika nyumbani Biasha akachota maji, akasukutua, akatema.

“Moyo wangu mweupe, Mbodze.”

“Umenilowesha miguu.”

“Wewe ulinilowesha uso.”

Bamvua lilipofika, bahari ikakupwa mbali, Biasha alimpa Mbodze chuma chake cha kuchokolea, akamtajia mashimo yote, hata lile alilomficha mama yake mzazi. Yeye akabaki kivulini, roho juu. Adhuhuri Mbodze akarudi na wino mpaka kwenye nyusi, na pweza mmoja wa kujaa kiganja.

Biasha akacheka hata viungo vikamuuma. Kisha akampika pweza huyo, akamgawa: mikono minne yake, minne ya Mbodze.

“Kesho anza na shimo la kushoto,” akasema. “Na usitie kidole.”