Siku Niliyotafuna Utafiti Wangu

Nitawasimulia, ila mkicheka chekeni polepole, maana mke wangu yuko hapo ndani na kila nikiuanza mkasa huu anatega sikio aone nimeficha nini. Aibu hii hakunitia mtu. Niliitafuta mwenyewe, kwa mikono yangu na, niseme kweli, kwa meno yangu.

Miaka ile ndiyo kwanza tumeziaga foleni za sabuni na sukari, maduka ya Tanga yameanza kujaa tena, na pamoja na neema hiyo ikaja mifuko ya nailoni, imezagaa kila mtaro wa mtaa wetu wa Makorora. Mimi, mtafiti kijana, nilikuwa na ndoto moja tu: utando mwembamba wa kufungia chakula, wa wanga wa muhogo na mafuta ya karafuu, unaoua vijidudu ili chakula kisiharibike upesi, na ukiutupa unaoza wenyewe ardhini. Vifaa hatukuwa navyo, basi wanga nikaupika kwa jiko la mafuta ya taa, nikautandaza juu ya vioo vya dirisha ukauke (vioo vya mama mwenye nyumba, naye hakupendezwa). Mafuta ya karafuu nilinunua kwa Mzee Hamad, Mpemba mwenye duka la viungo, na huko ndiko nilikomwona binti yake, Zuhura. Ikafika mahali nakwenda kununua mafuta na nyumbani ninayo tele.

Nikaposa, nikakubaliwa. Siku ya akdi, ya kufunga ndoa, nyumbani kwao, nikaona nisiende hivihivi, nifunge tende za wageni kwa utando wangu, wakwe waone wanamuoza binti yao kwa mtu wa namna gani. Karatasi za utando hazikutosha, nikachukua na zile nilizozidisha mafuta kwa ajili ya kujaribia samaki. Basi, kosa lenyewe ndilo hilo.

Ami Faki, mdogo wake Mzee Hamad, akaichukua tende yake akaigeuzageuza. "Na nailoni hii, bwana harusi, nayo tuile?"

Watu wakacheka. Ningecheka nao yangekwisha, lakini mimi na sifa zangu nikasema inaliwa, Ami, tena ina faida, nikaitia karatasi mdomoni nikatafuna, nikatafuna ya pili, na ya tatu kwa sababu mzee mmoja wa nyuma alisema hakuona vizuri. Sasa nyie mnajua mtu wa pwani jino likimuuma anatia nini. Mafuta ya karafuu yanatia ganzi, nami nilijua kuliko wote pale, nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari.

Sheikh akatuketisha goti kwa goti. Mzee Hamad akanishika mkono, akasema, "Nimekuozesha binti yangu Zuhura kwa mahari tuliyopatana." Zamu yangu. Nikafungua mdomo, ulimi siusikii uliko, ikatoka sauti ya mtoto anayenyonya kidole, na mate yakanidondokea kwenye kanzu (ya kuazima).

"Kalewa huyu!" Ami Faki akanyanyuka. "Kaka, mtoto wetu tunampa mlevi?"

Nikatikisa kichwa, nikaonyesha kwa vidole. Sheikh akasema kwa upole, "Ishara ni ya bubu, mwanangu, nawe si bubu. Nataka neno."

Mara Bi Mize, shangazi yake Zuhura, akasimama mlangoni pa chumba cha wanawake. "Bibi harusi anauliza, kama mwenzake kaghairi aambiwe, asikae kungoja bure."

Hapo nikalia. Si machozi ya kiume, nililia hasa.

Mzee Hamad akanisogelea, akanusa mdomo wangu. "Si tembo hii. Ni karafuu yangu mwenyewe," akasema. "Mize, mwambie hajaghairi, ni ulimi tu umelala. Faki, keti. Tutangoja."

Tukangoja. Nikaletewa chai, nikaletewa maji ya chumvi, wageni wakapiga soga, wengine wakatoka wakarudi, na muda wote ule Mzee Hamad hakuuachia mkono wangu, hata jasho lilipotutoka viganjani. Magharibi inakaribia ndipo ulimi ukaanza kunichomachoma. Nikamkonyeza sheikh, Mzee Hamad akarudia maneno yake tangu mwanzo, nami nikajibu kwa sauti ya muadhini, "Nimekubali kumuoa Zuhura!" Ndani vigelegele vikapasua paa.

Tangu hapo nimekula kiapo: kazi yangu naijaribia samaki, na siku ninayouhitaji ulimi sitafuni hata ubani. Ila kubwa si kiapo hicho. Waliponiingiza chumbani nimpe mkono mke wangu, nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, yeye akainua ushungi, macho mekundu, akasema, "Humu ndani kulikuwa na kelele, sikukusikia. Hebu sema tena."

Nikasema tena. Na mpaka leo, nyumba ikitulia, ananiambia hakusikia.