Chapa ya Ng'ombe Kwenye Mguu wa Mama

Hii nikiisimulia nitaonekana mjinga, na ni haki yangu. Mzee aliyekuwa akitupiga picha za eksirei hapa Garsen amefariki, Jumatatu tumemzika. Nyinyi wasomaji wangu mmenizoea kwa mzaha, lakini leo kichwa kimevurugika, nivumilieni.

Mwaka jana mama aliteleza kisimani, mguu ukavimba. Mzee akampiga picha Ijumaa, akanipa filamu niitunze hadi Jumanne, siku ya daktari wa Malindi. Sasa siku hiyohiyo kulikuwa na mama mwingine, jina moja na mama yangu, naye kapigwa picha ya mguu. Nikasema hapa watu watabadilishiwa miguu. Sisi watu wa ng'ombe twajua, mali bila chapa ni mali ya jirani, na chapa huwekwa ubavuni, wazi, si mkiani. Nikatwaa msumari, nikakwaruza chapa ya ukoo wetu, mistari miwili, katikati kabisa, juu ya mfupa. Nikalala raha mustarehe.

Jumanne daktari akainua filamu dirishani. "Mfupa una nyufa mbili. Apelekwe Malindi, apasuliwe." Akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mama akaangua kilio, na mimi nalia naye, msumari nimeusahau kabisa. Mzee akaichukua filamu, akapitisha kidole.

"Kijana, nani kachora hapa?"

"Ni chapa ya ng'ombe wetu, mzee. Isipotee."

"Kwani mama yako ana pembe?"

Akampiga picha upya. Mfupa mzima! Jina akaliweka pembeni, kwa herufi ndogo za madini ya risasi, pasipo na mfupa. Akanieleza kwamba kwenye semina ya Nairobi waliambiwa kuna kompyuta zinaficha alama ndani ya picha yenyewe, jicho lisiione.

"Sasa mwizi ataogopaje alama asiyoiona?"

"Si ya kuogopesha. Ni ya kujua picha ni ya nani. Na hata hiyo, ukiizidisha inakula picha. Ufa wa mfupa nao huanza mdogo, kijana, alama itaufunika."

Mpaka leo sielewi alama iko vipi na haiko. Nilichoshika ni kimoja: ukikipenda kitu, usikiandike hadi kisisomeke.

Tukitoka makaburini, nesi aliyefanya kazi naye akanivuta kando. "Daktari aliuliza nani kaharibu ile filamu. Mzee akasema ni yeye, mkono ulimteleza. Akaandikiwa barua ya onyo. Wewe ulikuwa umeshaenda kunywa chai."