Mmebusiana?

Msimamizi wetu wa mafundi wa umeme tulimwita Rudia. Kila asubuhi alitutajia mtaa uliozimwa umeme na ulio hai, kisha akamgeukia fundi mmoja mmoja: "Rudia nilichosema." Mtu mzima na ndevu zako unarudia kama mtoto wa chekechea! Mimi dereva tu, sipandi nguzo, lakini hata mimi nilirudia. Mdogo wake alikuwa fundi kwenye gari letu. Alimlea yeye mwenyewe, na kijana akiwa juu ya nguzo, dada roho mkononi, hata chai haimshuki.

Halafu kampuni ikaleta kompyuta za kiganjani, maana ramani za karatasi zilikuwa zikilowa na kuchanika. Unaelekeza yako kwa ya mwenzio, uso kwa uso, na faili linaruka lenyewe bila waya. Watani wakasema zinabusiana, neno likashika. Rudia naye akaacha kuturudisha shule. "Mmebusiana?" anauliza. Ukijibu ndiyo, basi. Mashine haisahau, alisema.

Siku hiyo mafundi walikuwa nyuma na ngazi zao, redio ya mbele ikaleta mabadiliko. Hospitali ya mtaa wa soko ilihitaji umeme, kwa hiyo mtaa huo ungebaki hai, wa shule ndio uzimwe. Rudia akairekebisha ramani kwenye kompyuta yake. Nilipoegesha, akashuka akaielekeza kwa mdogo wake. Ikalia tii.

"Mmebusiana?"

"Tumebusiana, dada," kijana akajibu, akifunga mkanda wa kupandia. Akaitupa kompyuta yake kwenye kiti kupitia dirishani, akabeba ngazi, akaenda zake.

Rudia alipopanda garini aliikuta hapo kitini, akaiokota. Nikachungulia. Kwenye kioo kulikuwa na swali: Pokea faili? Ndiyo. Hapana. Hakuna aliyebonyeza. Ramani aliyoijua kijana ilikuwa ile ya zamani, inayosema mtaa wa soko umezimwa.

"Hatapima waya kama una umeme," Rudia akasema, midomo imemkauka. "Hapimi huyu. Eti dada akishasema umezimwa, apime nini?"

Akaita chumba cha mitambo wazime kote. Redio ikakoroma tu. Akaruka chini akakimbia, nami nyuma yake. Niliogopa, jamani. Niliogopa kufika.

Tulipokata kona ya soko, kijana alikuwa juu, amejifunga kwenye nguzo, koleo mkononi, waya uko shibiri chache kutoka begani. Rudia akafungua mdomo, sauti ikagoma kabisa. Akasimama katikati ya barabara, magari yanampigia honi, akaweka mikono yote miwili kichwani.

Kijana akageuka kutazama honi zile, akamwona. Koleo likasimama hewani. Mara ya mwisho kumwona dada yake amesimama hivyo ilikuwa siku mama yao alipofariki.

"Dada!" akaita. "Nani amekufa?"

Hapo ndipo sauti ya Rudia ilipotoka.

"Wewe!" akapiga ukelele. "Ni wewe, mwanangu! Usiguse! Shuka!"